Mwili Huja kwa Wakati Wake



Juma hili tumepokea barua kutoka Mayoni. Kwa wasioujua, Mayoni ni mji mdogo wa soko katika eneo la Matungu, kaunti ya Kakamega, jirani na Mumias, nchi ya mashamba ya miwa. Sisi watu wa pwani tuna deni la wema kwa nchi hiyo. Ndiko misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilikopokewa katika karne ya 19 na watawala wa Wanga. Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu, na Uislamu ukapata makao huko hadi leo. Aliyetuandikia ni dada yetu aliyezaliwa Mombasa akaolewa Mayoni, na jarida hili hulipata kwa mkono wa mama yake.

Anatueleza kwamba mwanawe wa kiume ana umri wa miaka 13. Tangu utotoni hakuachana na mpira. Alianza na ule wa makaratasi uliofungwa kwa kamba, na sasa anautuliza kwa mguu wa kulia na wa kushoto, na humpita mwenzake kwa chenga katika nafasi isiyozidi mkeka. Mwaka huu mwalimu wa timu alipochagua vijana wa mashindano, alimwacha nje. Sababu aliyoitoa ilikuwa maneno mawili: "Hana mwili." Ami yake kijana, kwa nia njema, akaamua kumtafutia huo mwili. Kila baada ya alfajiri kijana hubeba ndoo mbili za mchanga, hupanda na kushuka nazo mwinuko ulio nyuma ya nyumba, kisha hukimbia barabara ya changarawe mpaka jua lichomoze. Miezi mitatu imepita. Mwili haujaja, bali yamekuja maumivu. Dada yetu hakuyatambua uwanjani. Aliyatambua kwenye mswala, kwani mwanawe akienda sijida huuma meno na kuegemea goti moja.

Anatuuliza maswali mawili. Je, amkataze mwanawe mpira? Na je, ni kweli kwamba mpira ni mchezo wa wenye miili?

Tuanze na goti, kwa kuwa goti halingoji. Sisi si madaktari wala hatutibu kwa kalamu. Kijana huyu apelekwe hospitali aangaliwe. Hata hivyo ni vyema kila mama mwenye mtoto anayecheza ajue jambo hili. Katika miaka ya kukua, mifupa ya miguu hurefuka kwa kasi, na ncha zake huwa bado laini. Msuli mkubwa wa paja umefungwa kwa kano mahali palipo chini kidogo ya goti. Mtoto anayekimbia, kuruka na kupiga mpira kupita kiasi huwa anapavuta mahali hapo mara kwa mara, pakavimba na kuuma, hasa anapopiga magoti. Hali hiyo huitwa Osgood-Schlatter, kwa majina ya madaktari wawili walioieleza mwaka 1903. Aghalabu hutulia mzigo unapopunguzwa, na huisha ukuaji unapokamilika. Lakini si kila maumivu ya goti ni hayo. Mtoto anayechechemea, anayeamka usiku kwa maumivu, au mwenye homa pamoja na goti lililovimba, asicheleweshwe hata siku moja.

Kwa hiyo ndoo za mchanga ziwekwe chini leo. Tunalisema hili kwa heshima zote za ami, ambaye amefanya alilolifanya kwa mapenzi. Mtoto hapewi mwili kwa kubebeshwa mizigo. Mwili una ratiba yake, na mwenye kuipanga ni Mola aliyemuumba.

Hapa ndipo tunapolifikia neno la mwalimu. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka 13 au 14, lakini wapo wanaotangulia wakiwa na 11 au 12, na wapo wanaosubiri mpaka 15 au 16. Vijana wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana kwa miaka kadhaa katika ukomavu wa mwili, mmoja ana kifua na sauti nzito, na mwenziwe bado ni mtoto. Mwalimu anayechagua kwa kutazama miili ya vijana wa miaka 13 huenda akadhani amechagua wachezaji bora, ilhali alichochagua ni waliobaleghe mapema. Tena akiwa mahali ambapo vyeti vya kuzaliwa huchezewa, huenda akawa amechagua vijeba, yaani watu wazima waliopunguziwa umri ili wacheze na watoto.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kijana aliyezoea kushinda kwa kusukuma wenzake huona mambo yamebadilika afikapo miaka 17 au 18, kwa kuwa wenzake nao wamekua. Akimsukuma mtu, haanguki tena. Akitafuta pasi ya haraka au namna ya kuutuliza mpira huku amekabwa, haioni, kwa sababu hakuwahi kuihitaji. Yule mdogo aliyevumilia, ambaye kila siku alilazimika kutumia akili ili asikanyagwe, sasa ana mwili juu ya ufundi aliokuwa nao. Huko Uingereza baadhi ya vilabu vimejaribu kuwapanga watoto katika baadhi ya michezo kwa ukomavu wa miili badala ya umri peke yake. Waliotangulia kukua hulazimika kutumia ufundi, na waliochelewa hupata nafasi ya kuonekana.

Jambo hili si geni kwetu Waislamu. Wasimulizi wa sira wanaeleza kwamba kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwakagua vijana waliotaka kutoka naye, akawarudisha waliokuwa wadogo. Rafi bin Khadij alikuwa miongoni mwa waliokuwa warudishwe, lakini alipoelezwa kuwa ni hodari wa kutupa mishale, akamruhusu. Samura bin Jundub aliporudishwa, alisema kwamba yeye humwangusha Rafi kwa mieleka. Wakashikana, Samura akashinda, naye akaruhusiwa. Abdullah bin Umar (r.a.), aliyekuwa na miaka 14, alirudishwa nyumbani, na kwenye Khandaq, alipokuwa na miaka 15, akakubaliwa.

Hatulinganishi vita vya Uhud na mchezo wa mpira, hasha. Tunatazama tu namna Mtume wetu (s.a.w.) alivyowapima watoto. Mmoja alipokewa kwa ufundi wake, wa pili kwa nguvu zake, na wa tatu aliambiwa asubiri. Huyo aliyesubiri hakudharauliwa, na katika umma huu amekuwa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa hadithi. Kumwambia mtoto "bado" si sawa na kumwambia "hufai". Mwalimu wa Mayoni, na walimu wengi wa hapa kwetu pwani, wangelitumia neno "bado" wasingelivunja nyoyo.

Sasa tulijibu swali la pili. Husemwa vijiweni kwamba mpira wa magharibi ni wa nguvu na mpira wa pwani ni wa chenga. Historia haikubaliani na maneno hayo. Mwaka 1965 ubingwa wa ligi ya Kenya ulikuja Mombasa kwa timu ya Feisal, na hakuna timu inayotwaa ligi nzima kwa madaha peke yake. Mwaka uliofuata ubingwa ulikwenda kwa Abaluhya, ambayo leo twaijua kama AFC Leopards. Na nyota wa Abaluhya alikuwa nani? Alikuwa Joe Kadenge, mwana wa nchi hiyo hiyo ya Waluhya, aliyefariki Julai 2019. Wazee wetu hawamkumbuki Kadenge kwa mabavu. Wanamkumbuka kwa wepesi na chenga zake, na kwa ule mwito wa redioni, "Kadenge na mpira", unaonasibishwa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa. Basi kijana wa Mayoni anayecheza kwa akili hakuacha desturi ya kwao, bali anaifuata.

Hata hivyo tusije tukaegemea upande mmoja mpaka merhebu ikapinduka. Nguvu nazo zina nafasi yake. Tarehe 7 Novemba 2012, mjini Glasgow, Celtic ya Scotland ilikutana na Barcelona. Barcelona ya Lionel Messi, mtu wa sentimita 170 tu, iliumiliki mpira kwa zaidi ya asilimia 80 ya mchezo. Lakini bao la kwanza lilifungwa na Mkenya Victor Wanyama, aliyeruka juu ya mabeki akaupiga mpira wa kona kwa kichwa, na Celtic ikashinda 2-1. Ufundi wa Barcelona ulikuwa mkubwa, nao haukutosha siku ile. Wala Wanyama hakufunga kwa ukubwa wa mwili peke yake, kwani kuujua wakati wa kuruka na mahali pa kuupiga mpira ni elimu inayofunzwa.

Tena ustahimilivu si ukubwa. Ndugu yetu Muislamu N'Golo Kanté wa Ufaransa ana kimo cha takriban sentimita 168. Alipokuwa kijana vilabu vikubwa vilimpita kwa udogo wake, akacheza madaraja ya chini. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Uingereza akiwa na Leicester, mwaka uliofuata akawa bingwa tena akiwa na Chelsea, na mwaka 2018 akatwaa Kombe la Dunia. Ajabu ni kwamba hakusifiwa kwa chenga. Amesifiwa kwa kukimbia bila kuchoka na kuwanyang'anya mipira watu waliomzidi kimo. Ugumu wake ulikuwa katika mapafu, miguu na moyo.

Kwa hivyo anayeuliza, "Tuwafunze watoto nguvu au ufundi?" ameuliza nusu ya swali. Swali kamili ni kipi kifunzwe lini, na kwa kiasi gani.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hutakiwa kwanza kuuzoea mpira. Huu ndio umri ambao mwili hujifunza mwendo mpya kwa urahisi, na udongo uwahi ungali maji. Acheze katika vikundi vidogo, wanne kwa wanne, ili kila mmoja auguse mpira mara nyingi. Ishirini na wawili kwenye uwanja mkubwa huwaacha wengine wakiwa watazamaji. Apige danadana, atumie miguu yote miwili, ajifunze kuinua kichwa kabla mpira haujamfikia. Nguvu zake azipate kwa kukimbizana, kuruka kamba, kupanda miti na kuogelea. Mpira wa kichwa usiharakishwe. Tangu Februari 2020 watoto wa umri wa shule ya msingi nchini Uingereza na Scotland hawafundishwi kupiga vichwa mazoezini, kwa tahadhari ya ubongo.

Kuanzia miaka 12 au 13, mtoto anapoanza kurefuka, mwalimu na mzazi wawe na subira maradufu. Miguu iliyorefuka ghafla haijazoeana na kichwa, na kijana aliyekuwa mwepesi mwaka jana huweza kuonekana mzito na mwenye kujikwaa. Asifokewe. Huu ni wakati wa kuendelea na ufundi huku mazoezi ya nguvu yakiingizwa kwa hesabu, nayo yawe ya kutumia uzito wa mwili wake mwenyewe. Achuchumae na kuinuka kwa mkao ulionyooka, apige pushapu chache, asimame kwa mguu mmoja, aruke na kutua kwa magoti yaliyokunjwa. Hayo, yakisimamiwa na mtu mzima anayejua, hayadumazi mtoto kama watu wanavyohofu. Yenye madhara ni mizigo mizito, kurudia bila kipimo na kufanya bila mwangalizi. Mzigo wa vyuma usubiri mpaka mwili ukomae na mwalimu mwenye ujuzi apatikane.

Mabinti wasisahaulike katika maneno haya. Tangu mwaka 2014 sheria za mpira duniani zimeruhusu rasmi hijabu uwanjani, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alikuwa wa kwanza kuivaa katika Kombe la Dunia la wanawake. Wazazi wengi huwaza juu ya vazi na mahali pa kuchezea, na ni haki yao kuwaza, lakini wasisahau goti. Wasichana hurefuka mapema kuliko wavulana, yapata miaka 11 au 12, na wanapokuwa wakubwa huumia kano za ndani ya goti mara 2 au zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo ule ule. Kwa hiyo binti ndiye anayehitaji zaidi kufunzwa kuruka, kutua na kugeuka kwa nguvu na utaratibu. Kumwambia acheze polepole kwa kuwa ni msichana si kumhifadhi.

Na nyumbani je? Mwili haujengwi uwanjani peke yake. Unajengwa jikoni na kitandani. Ugali na omena, maharage, mayai, maziwa, kunde na mrenda, vyote vinavyopatikana Mayoni bila gharama kubwa, vina faida kuliko unga wa makopo unaouzwa kwa jina la nguvu. Usingizi wa saa 9 au 10 kwa mtoto anayekua ni sehemu ya mazoezi. Kijana anayelala saa sita za usiku akiwa kwenye simu, kisha akaamshwa alfajiri kubeba mchanga, amepunguziwa mara mbili.

Limebaki jambo moja, nalo ni kubwa kuliko yote. Walimu wengi wanaposema "ugumu" humaanisha rafu, yaani kumkanyaga mwenzio kabla hajakukanyaga. Huo si ugumu. Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kwamba mwenye nguvu si mwangushaji wa watu, bali ni anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Tumtazame mtoto siku aliyochezewa vibaya. Akiinuka, akajifuta vumbi na kuutaka mpira tena, huyo ni mgumu. Siku aliyoachwa nje ya timu, akirudi kesho yake mazoezini bila kumsema vibaya aliyechaguliwa, huyo ni mgumu zaidi. Ugumu wa namna hiyo hauhitaji kimo wala kifua, na mtoto wa miaka 13 anaweza kuwa nao.

Dada yetu wa Mayoni, jibu letu ni hili. Usimkataze mwanao mpira, bali mpumzishe mpaka daktari aseme. Katika kipindi hicho aukae karibu mpira kwa yale yasiyoumiza goti. Auangalie mchezo pamoja na ami yake, wajadiliane nani alisimama mahali pazuri na kwa nini, kwani macho nayo hufunzwa. Mshukuru ami kwa kujali kwake, na umpe kazi nyingine. Awe ndiye anayempigia pasi jioni baada ya Alasiri, mguu wa kulia na wa kushoto, hatua kwa hatua kadiri goti litakavyoruhusu. Kisha nendeni wote kwa mwalimu, kwa adabu na bila lawama, mmwulize maswali matatu. Je, mtoto wetu anakosa nini isipokuwa kimo? Je, anaweza kufanya mazoezi na timu hata kama hachezi mashindano? Na je, utamtazama tena mwakani? Mwalimu mwema atayajibu. Asiyeweza kuyajibu amewapeni habari yake mwenyewe, na kiwanja kingine kitafutwe.

Lakini kabla ya daktari na mwalimu, mwambie mwanao jambo moja leo usiku, mkimaliza Isha. Mwambie kwamba hakuna kilichopungua katika umbo lake. Miezi mitatu amebeba mchanga akidhani Mola alimpunja, na mzigo huo ndio mzito kuliko ndoo zote mbili. Mwondolee.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampe shifaa, awape walimu wetu hekima na wazazi wetu subira, na awajaalie watoto wetu afya wanayoweza kuitumia katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.